Kwa nini kadi za mkopo hazishiki hapa Dodoma hata kwa wenye mishahara?

#1 Mkazi wa Kisasa
Mbukwenyi wakuu.

Jiji limejaa watumishi tangu serikali ianze kuhamia huku 2016. Wizara ziko Mtumba, Bunge lipo, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kipo, hoteli zinaota kila mtaa. Mishahara inapita benki na kila mtu ana kadi ya ATM mfukoni. Lakini ukiuliza nani ana kadi ya mkopo, yaani ile unayotumia kwanza pesa ya benki halafu unalipa mwisho wa mwezi, watu wanatazamana. Ofisini kwetu kuna wenye shahada na wenye vyeo, na anayo mmoja tu, tena alihamia nayo kutoka Dar.

Msiniambie ni umaskini. Mtu anapewa mkopo wa mshahara milioni 20, anashindwaje kupewa kadi ya laki 5? Mimi nasema benki zenyewe hazitaki kutupa. Mwenye maelezo mengine alete.

#2 Zabibu Chachu
Daftari la dukani kwa Mangi hujalimaliza, sasa unataka na kadi!

Utani pembeni, hilo daftari ndilo jibu lako. Mtaani kwangu Chang'ombe nachukua mchele, mafuta, sabuni, gesi, mwisho wa mwezi nalipa. Hakuna fomu wala ada ya mwaka, na riba hakuna. Mangi ananijua, anajua nafanya kazi wapi na mshahara unatoka lini. Hiyo kadi ya benki inanipa nini ambacho Mangi hanipi?

#3 Afisa Mstaafu
Habari zenu. Nimefanya kazi idara ya mikopo mpaka nimestaafu, acha niseme ya upande wa ndani wa kaunta.

Mleta uzi umegusa penyewe, ila si kwamba benki haitaki kukopesha. Inachagua mkopo unaojilipa. Mkopo wa mshahara wa mtumishi unakatwa huko huko kabla mshahara haujafika kwenye akaunti. Asahau, asafiri, agombane na mwenzake nyumbani, rejesho limeshaingia. Kwenye kadi benki haina mkono huo. Inakutumia taarifa ya deni, inasubiri ulipe. Usipolipa, kuna mtu analipwa mshahara kazi yake kukupigia simu. Sasa piga hesabu ya kumfuatilia mtu anayedaiwa laki 3.

Meneja wa tawi ana lengo la mikopo la robo mwaka. Ukikaa mbele yake na slipu yako ya mshahara atakuuzia milioni 20 ya miaka 6. Ya laki 5 haimfikishi popote. Kwa hiyo kadi zinaenda kwa wateja wakubwa, wafanyabiashara wanaosafiri nje, au mtu aliyezuiliwa fedha zake kama dhamana.

#4 Mtumishi Mtumba
Shikamoo mzee #3. Nakazia, ila umeacha theluthi.

Makato ya mtumishi wa umma hayatakiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, theluthi moja ibaki. Wengi wetu tulishafika ukingoni mapema: kiwanja Nzuguni, kuezeka, ada, gari. Hapo bado bodi ya mikopo ya elimu ya juu inachukua asilimia 15 ya unachopokea. Ukienda kuomba kadi, afisa anachungulia slipu, anakurudishia. Sasa hapo si benki wala si sisi. Nafasi ya kukopa imeshaliwa na mkopo mmoja mkubwa.

#5 Mwalimu wa Kongwa
#4 ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, si ya unachopokea. Tofauti yake unaiona mfukoni. Zamani ilikuwa 8, ikapandishwa na marekebisho ya sheria ya 2016.

#6 Afisa Mstaafu
Marahaba #4. Lakini elewa kitu kimoja. Kadi ya mkopo haikatwi kwenye orodha ya mishahara, kwa hiyo kanuni ya theluthi haiigusi moja kwa moja. Benki inayotaka kukupa inaweza. Inaangalia madeni yako yote kwa pamoja kwa sababu inajali kama utaweza kulipa.

#7 Kijana wa UDOM
Wazee mnazunguka sana. Jibu ni simu. Huku simu iliwahi kabla kadi haijafika. M-Pesa imekuja 2007, leo hata muuza karanga pale Jamatini ana lipa namba. Ukipungukiwa kuna mikopo ya simu: Songesha, Nivushe, Timiza. Kwa Songesha unamalizia muamala papo hapo, pesa ikiingia deni linakatwa. Hiyo ndiyo kadi ya mkopo ya Mtanzania, haina plastiki tu.

Hata vya mtandaoni natengeneza kadi ya Visa ndani ya menyu ya simu, nalipia tangazo la biashara ya dada yangu, nimemaliza.

#8 Mwalimu wa Kongwa
2007 ni Kenya. Kwetu Vodacom walianza 2008. Na M-Pawa, ile ya kuweka akiba na kukopa, ilikuja 2014.

#9 Zabibu Chachu
Mwalimu leo ana kalamu nyekundu!

#10 Mama wa Duka Majengo
Mimi naongea kama muuzaji. Niliwahi kuwekewa mashine ya POS, ile ya kulipia kwa kadi. Mteja wa kadi anakuja mara moja moja, mtandao unakata, anasimama pale mashine inazunguka huku foleni inanuna. Muamala ukipita, benki inakata asilimia yake, na pesa siipati jioni ile. Mimi alfajiri nahitaji pesa mkononi nikanunue nyanya na vitunguu kwenye gari la mzigo. Mwenye gari hataki hadithi za kesho.

Lipa namba inaita mlio, naona jina na kiasi, mteja anaondoka. Mashine niliirudisha.

Kuna wenzangu hawasemi hadharani: wanaogopa rekodi. Mauzo ya kadi yanaonekana yote, wanaona ni kujipeleka wenyewe kwa watu wa kodi. Mimi nina mashine ya risiti, sina hofu hiyo, lakini ipo sana sokoni.

#11 Mkazi wa Kisasa
Mama #10 asante, hili la muuzaji sikuwa nalo. Ila hata lipa namba ina rekodi, mbona hawaiogopi?

#12 Mama wa Duka Majengo
Wanaiogopa pia mwanangu. Ndiyo maana ukifika wengine watakwambia "tuma kwenye namba ya kawaida" au "una keshi?"

#13 Mhudumu wa Mapokezi
Kwenye hoteli ni tofauti. Kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, mashine haipumziki. Ila angalia ni akina nani: wageni wa nje, wa mashirika, wafanyabiashara wa Dar. Mtumishi wa serikali ameshapewa posho ya safari kabla hajatoka kwao, analipa keshi au kwa simu. Hana sababu ya kukopa halafu arudishiwe. Nafikiri hii nayo ni sababu. Sehemu nyingine mfanyakazi analipa kwa kadi kwanza, ofisi inamrudishia baadaye. Kwetu posho inatangulia.

#14 Mtumishi Mtumba
Inatangulia? Dada njoo idarani kwetu uone inavyotangulia.

#15 Dada wa Nkuhungu
Acheni nadharia, niwape yangu. Mimi nafanya kazi shirika lisilo la kiserikali, mshahara si mbaya. Nilienda benki moja hapa mjini, sitaitaja, nikaomba kadi ya mkopo kwa sababu nilikuwa nasafiri kikazi na hoteli ya kule ilitaka kadi ya aina hiyo kushikilia chumba.

Nilipeleka barua ya mwajiri, slipu, kitambulisho cha NIDA, TIN, barua ya mtendaji wa mtaa. Yule dada wa kaunta hakusoma kimoja. Alichukua mkataba wangu wa kazi, akafunua moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye tarehe ya kuisha. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Akaurudisha kwenye bahasha, akasema kwa upole kwamba kuna njia nyingine: niweke milioni moja na laki moja, izuiwe, nipewe kadi ya milioni moja.

Nikamuuliza, kama ninayo hiyo milioni, nikope ya nini?

Kwa hiyo #1, hoja yako ina ukweli, ila inachagua watu. Mwenye ajira ya kudumu serikalini anakataliwa kwa sababu ameshakopa. Mwenye mkataba kama mimi anakataliwa kwa sababu mkataba utaisha. Mfanyabiashara anakataliwa kwa sababu hana slipu. Sasa anabaki nani?

#16 Zabibu Chachu
Anabaki yule aliyehamia na yake kutoka Dar.

#17 Msafiri wa Kati
Mimi ninayo, na nilipitia hiyo hiyo njia ya kuzuiliwa pesa, kwa hiyo nimjibu dada #15. Naleta bidhaa kutoka Dubai na Guangzhou.

Kwanza, hoteli na wakodisha magari nje wanashikilia kiasi cha tahadhari. Ukitumia kadi ya ATM wanashikilia pesa yako halisi, inakaa siku kadhaa hujaila. Ukitumia ya mkopo wanashikilia nafasi ya benki. Pili, muamala ukiwa wa wizi au mzigo usipofika, unaupinga kabla hujalipa chochote. Kupinga unaweza hata kwa kadi ya ATM, lakini hapo unadai pesa iliyokwishatoka. Tatu, ukilipa deni lote ndani ya siku za msamaha hulipi riba hata shilingi. Mimi nauza mzigo kabla tarehe ya kulipa haijafika.

Ila kwa matumizi ya hapa Dodoma? Siitumii. Nalipa kwa simu kama wengine.

#18 Ustadh wa Chang'ombe
Assalaam alaykum. Hilo la siku za msamaha ndilo wengi wanalitumia kujihalalishia. Tatizo halianzi siku unayochelewa. Mkataba wenyewe una sharti la riba, na wewe umeshasaini kwamba ukichelewa utalipa. Waislamu wengi tunaliogopa hilo, hata mwenye pesa ya kulipa yote. Watafiti wanaandika kipato, elimu, umri, hili wanalipita haraka. Katikati ya nchi, kuanzia Kondoa kushuka hadi hapa, ni watu wengi.

#19 Kijana wa UDOM
Wa alaykum salaam ustadh. Lakini si kuna benki zisizo na riba? Amana ipo tangu 2011, na benki nyingine zimefungua madirisha ya Kiislamu.

#20 Ustadh wa Chang'ombe
Zipo, na zinasaidia kwenye kununua vyombo na nyumba kwa njia ya murabaha, yaani benki inanunua kitu halafu inakuuzia kwa faida iliyotajwa wazi. Malaysia wana hata kadi zilizopangwa kwa sharia ya Kiislamu, benki inatoza ada badala ya riba. Sijasema haiwezekani. Nasema anayeuza kadi hapa hajaja kuongea nasi kwa lugha hiyo.

#21 Mwalimu wa Kongwa
Mimi naona ni elimu. Hata walimu wenzangu, wasomi, hawajui malipo ya chini ni nini. Mtu anadhani akilipa kile kiasi kidogo kilichoandikwa kwenye taarifa basi amemaliza. Mzee #3 hebu tufafanulie kwa hesabu.

#22 Afisa Mstaafu
Sawa mwalimu. Tuchukue mfano tu, viwango vinatofautiana kwa kila benki. Umetumia 600,000. Taarifa inakuja na mistari miwili: deni lote 600,000, na malipo ya chini, tuseme asilimia 10, yaani 60,000. Ukilipa 600,000 kabla ya tarehe, riba ni sifuri. Ukilipa 60,000 hujavunja mkataba, hupigiwi simu, jina lako ni safi. Lakini 540,000 iliyobaki inaanza kutozwa. Ikiwa ni asilimia 3 kwa mwezi, ni 16,200. Na benki nyingi, ukishabakiza deni, manunuzi mapya nayo yanakosa siku za msamaha. Hapo ndipo watu wanazama bila kuelewa.

Tena msitoe keshi kwenye ATM kwa kadi ya mkopo. Siku za msamaha hazipo, ada inakatwa hapo hapo na riba inaanza siku ile ile. Nimeona wateja wanapewa kadi asubuhi, mchana wameshatoa yote keshi. Wamezoea kwamba kadi kazi yake ni kutolea pesa.

#23 Bodaboda Nzuguni
Kwa hiyo mzee benki inafurahi nikilipa kidogo?

#24 Afisa Mstaafu
Inafurahi ukilipa kidogo na usiache kulipa.

#25 Msomaji wa Area D
Naongeza historia maana naona watu wanasema kadi zinafuata utajiri. Marekani hazikuenea kwa sababu watu waliziomba. Mwaka 1958 Bank of America ilichukua mji mmoja wa California, Fresno, ikatumia watu kadi 60,000 kwa posta bila wao kuomba. Madeni mengi hayakulipwa na udanganyifu ulikuwa mwingi, lakini benki ikaendelea. Ndiyo kadi ambayo 1976 ilibadilishwa jina ikawa Visa. Mtindo wa kumtumia mtu kadi ambayo hakuiomba ulipigwa marufuku huko 1970.

Kwa hiyo namuunga mkono #1. Mtu wa kwanza kubeba hasara alikuwa benki. Hapa nani yuko tayari?

#26 Zabibu Chachu
Kwa posta! Hapa sanduku langu ni la shule niliyomaliza, funguo anao mlinzi.

#27 Mtumishi Mtumba
Usicheke, anwani ni sababu halisi. Kabla ya zoezi la anwani za makazi la 2022 nyumba yangu ilikuwa "shuka kwenye mbuyu, uliza kwa fundi seremala." Benki itakufuataje? Sasa angalau kuna namba ya nyumba na jina la barabara.

#28 Mchumi wa Ilazo
Msomaji #25 historia nzuri, ila nchi zinazofanana nasi zaidi zina njia nyingine. Uturuki na Brazil kadi zilishika kwa sababu ya malipo ya awamu. Unanunua jokofu, dukani wanakuuliza awamu ngapi, linagawanywa kwenye kadi miezi 6 au 12, mara nyingi bila riba ya wazi. Watu walichukua kadi kwa ajili ya jokofu, si kwa ajili ya kadi. Hapa Dodoma jokofu la awamu unalipata kwa mkopo wa duka au wa kikundi cha VICOBA, kwa hiyo kadi haina kazi iliyobaki.

Halafu tujihadhari na wanaosema serikali isukume. Korea Kusini walisukuma. Kuanzia 1999 ukitumia kadi unapata unafuu wa kodi, risiti za kadi zinaingia kwenye bahati nasibu. Kufika 2003 mamilioni walishindwa kulipa, kampuni kubwa ya LG Card ikabidi iokolewe.

#29 Dada wa Nkuhungu
Hapa hatuhitaji kwenda Korea. Kausha damu, mikopo ya riba kali, zipo mtaani. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Jirani yangu alikopa kwenye mojawapo za namna hiyo, akachelewa, wakawatumia ujumbe watu wote waliokuwa kwenye simu yake, hadi mchungaji wake, kwamba ni tapeli. Mwanamke yule sasa ukimtajia neno mkopo wa kidijitali anabadilisha mada. Mnataka achukue kadi? Woga huu hamuupati kwenye takwimu za kipato.

#30 Kijana wa UDOM
Na hapo bado meseji za matapeli za "ile pesa itume kwenye namba hii."

#31 Dereva wa Alizeti
Naingia kutoka Singida. Mbona mnaongea kama katikati ya nchi ni Mtumba na UDOM tu? Wengi huku ni wakulima. Nabeba alizeti, nabeba mahindi kwenda Kibaigwa. Mkulima ana pesa miezi michache, mingine anaomba Mungu. Kadi inataka ulipe kila mwezi. Atalipa na nini Januari?

#32 Mama wa Hombolo
Asante sana kaka #31, nilikuwa nasoma kimya nikisubiri mtu alitamke.

Nalima zabibu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, msimu wa mwanzo wa mwaka na ule wa Agosti na Septemba. Pesa ikija inakuja kwa mkupuo. Lakini gharama zinakuja kila wiki: kupogolea, dawa ya ukungu, mbolea, maji, vibarua. Dawa hazisubiri. Mvua ikinyesha vibaya na usipopuliza ndani ya siku chache, unaona vumbi jeupe kwenye vichala, msimu umekwenda. Siku ile sina pesa, ingawa kila mtu anaona kwa macho kwamba kuna tani zinaning'inia shambani.

Naenda kwa mwenye duka la pembejeo, ananipa dawa, nalipa kwa zabibu, bei anapanga yeye. Huo ndio mkopo wangu. Nina akaunti benki, nina NIDA, nina shamba. Kadi ingenifaa kuliko mtu wa ofisini, ila tarehe yake ya kulipa isiwe mwisho wa mwezi, iwe baada ya mavuno.

#33 Mchumi wa Ilazo
Mama shikamoo. Unachokisema kipo India tangu 1998, kinaitwa Kisan Credit Card. Mkulima anawekewa kikomo kulingana na ukubwa wa shamba na zao, anachukua kidogo kidogo kwa mbegu na dawa, na marejesho yamefungwa kwenye msimu wa mavuno. Mwanzoni watu wengi walipewa kitabu tu cha akaunti, plastiki ilikuja baadaye. Anayelipa kwa wakati anaishia kwenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka.

#34 Afisa Mstaafu
Ni kweli, ila malizia hadithi. Hiyo 4 haitoki hewani. Kiwango ni 7, serikali yao inafidia 3 kwa anayelipa kwa wakati, na benki nayo inafidiwa. Na mwaka 2008 walifuta madeni ya wakulima kwa mpango wa nchi nzima. Benki za huku zikisikia hivyo zinajiuliza: na sisi tukikopesha, kesho mwanasiasa atasimama jukwaani aseme msilipe?

Kwetu tuna Benki ya Maendeleo ya Kilimo tangu 2015, inadhamini benki nyingine zikopeshe wakulima. Na 2021 benki kadhaa zilishusha riba ya kilimo hadi asilimia 9 au 10. Pesa ipo. Shida ni kwamba inakuja kama mkopo mmoja mkubwa wenye makaratasi, wakati mama #32 anahitaji laki na nusu Jumanne.

#35 Mama wa Hombolo
Marahaba mchumi. Mzee, hapo umenena. Jumanne.

#36 Dereva wa Alizeti
Alizeti nayo ipewe kadi. Zabibu mnapendelewa kwa sababu ya mvinyo.

#37 Zabibu Chachu
Alizeti itapewa kadi ya chumvi. Tulia watani zetu.

#38 Mkazi wa Kisasa
Naona sasa tuna sababu nyingi na kila mtu amekamata ya kwake. Mimi bado nasimama na benki. Kwa sababu haya yote, posho, theluthi, mavuno, mkataba wa mwaka, ni mambo ambayo benki ingeweza kuyapangia bidhaa kama ingetaka. Simu ziliweza kuwakopesha watu wasio na slipu.

#39 Kijana wa UDOM
Simu ziliweza kwa sababu zinaona unavyotumia. Unaingiza ngapi, unatoa ngapi, vocha unanunua mara ngapi. Benki inakuona mara moja kwa mwezi, siku unapoenda kukomba mshahara.

#40 Mtumishi Mtumba
Na huko kukomba nako ni sababu. Mshahara ukiingia asubuhi, jioni akaunti imebaki na senti. Benki haina historia yako, ina historia ya foleni tu.

#41 Dada wa Nkuhungu
Mzee #3, hivi ile kanzidata ya wakopaji inaonyesha nini? Mimi sijawahi kukopa. Hiyo inanisaidia au inaniumiza?

#42 Afisa Mstaafu
Inakuumiza kidogo mwanangu, hata kama haionekani haki. Benki zinapeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni zenye leseni kama Creditinfo zinaandaa ripoti. Afisa akifungua jina lako akakuta patupu, hajui wewe ni mlipaji au la. Ndiyo maana kadi ya kuzuia pesa uliyoikataa pale kwenye #15 ina faida hiyo moja. Unatumia kidogo, unalipa yote kila mwezi, unaanza kuwa na historia. Una haki pia ya kuomba ripoti yako mwenyewe na kudai makosa yarekebishwe. Nimekutana na watu wanadaiwa kwenye ripoti mkopo walioumaliza zamani.

#43 Mama wa Duka Majengo
Hapo kwenye makosa naamini. Kaka yangu alinyimwa mkopo kwa deni la mtu mwingine mwenye majina kama yake.

#44 Bodaboda Nzuguni
Mzee na wengine, nina swali, msinicheke. Pikipiki yangu ni ya mkataba. Kila siku natuma 10,000 kwa tajiri, mvua inyeshe, niumwe, natuma. Nimevuka mwaka na sijaruka. Hiyo kwenye hiyo kanzidata inasomeka?

#45 Afisa Mstaafu
Hapana. Unatuma kwa mkono au kwa simu?

#46 Bodaboda Nzuguni
Kwa simu, usiku nikifunga kazi.

#47 Mwalimu wa Kongwa
Basi ushahidi upo kwenye kampuni ya simu. Ila kwa sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, benki haiwezi kujichukulia tu, lazima kuwe na msingi wa kisheria, na ulio wazi ni wewe kuridhia.

#48 Bodaboda Nzuguni
Mimi naridhia hata sasa hivi. Nasaini wapi?

#49 Afisa Mstaafu
Omba taarifa ya miamala ya miezi 12 kwenye duka la mtandao wako, igongwe muhuri. Nenda nayo pamoja na mkataba wa pikipiki kwenye dawati la wajasiriamali, usiende dawati la mishahara. Kadi hawatakupa. Omba mkopo mdogo wa kumalizia pikipiki iwe yako, huo ndio utakaoandikwa kwenye kanzidata. Ukijibiwa, vyovyote watakavyojibu, rudi hapa utuambie tawi limesema nini.

#50 Bodaboda Nzuguni
Jumatatu asubuhi kabla ya abiria wa treni.